Nguruwe wa Saba

Jumatatu, 17 Juni

Nimepewa chumba cha wanyoaji wa kondoo nyuma ya nyumba ya Bi Una Maddern: kitanda cha chuma, jiko la kuni, dirisha linalotazama malisho ya mtoni. Kazi yangu ni kuona. Kupiga ni kazi ya Arch Tranter, anayewinda kwa mkataba tangu kabla sijazaliwa na mwenye leseni ya kazi hiyo. Yeye ana bunduki. Mimi nina darubini ya joto, kidude cheusi kinachoonyesha kila chenye damu kama nuru gizani. Mama anasema sikusomea wanyama miaka yote ile ili nikahesabu nguruwe. Nilimjibu kwamba ndicho hasa nilichosomea.

Bi Una alitupokea kwa nyama ya kondoo na maneno machache. Mwaka jana nguruwe koko walikula zaidi ya nusu ya wanakondoo wake, wengine kabla hawajasimama. "Wakinifanyia hivyo tena mwaka huu," alisema, "nauza majike wote, na hapa patalimwa pamba na watu wasiojua hata jina la mto. Sitaki kulia mara mbili." Hakuwa akilia. Alikuwa anamenya viazi.

Kondoo wataanza kuzaa katikati ya Julai. Muda tulio nao ndio huo.

Jumanne, 18 Juni

Aibu. Nilikaa ndani ya pikapu, nikapandisha kioo kwa sababu ya baridi, nikaelekeza darubini malishoni, nikamwambia Arch kwa sauti ya kitaalamu kwamba pako patupu.

"Hata kondoo hamna?" akauliza.

Joto halipiti kwenye kioo. Nililijua hilo vitabuni. Nilikuwa nikitazama pua yangu mwenyewe. Arch hakunicheka. Alishuka, akaenda kuchekea nyuma ya gari.

Alhamisi, 20 Juni

Arch hafyatui risasi mpaka nimjibu maswali matatu, kila mara, kwa mpangilio uleule. Ni nani? Nyuma yake pana nini? Ana nani? La kwanza ni ili tusimwue ndama wa jirani. La pili ni ili risasi ifie kwenye udongo. La tatu ni kwa ajili ya watoto: usimwue mama ukawaachia wanawe njaa. Kanuni za serikali zinasema hivyo, lakini Arch anazisema kama mtu aliyezitunga mwenyewe. Jioni, kabla hatujatoka, anawapigia simu majirani wote na kituo cha polisi kuwaambia tutakuwa wapi.

Na jambo jingine: hatupigi hata mmoja mpaka ukoo mzima uwe umekusanyika. "Ukimwua mmoja," anasema, "umewasomesha wengine wote." Kwa hiyo tumemwaga shayiri iliyochachushwa kando ya bwawa, tukaizungushia waya, tukaacha uwazi chini, wa kupita nguruwe lakini si kondoo. Sasa tunangoja walewe mazoea.

Jumapili, 23 Juni

Wamekuja. Wakubwa wawili, wadogo wanne. Kwenye darubini masikio yao huwa meusi kwa baridi na pumzi yao ni moshi mweupe. Nilishindwa kuwachukia. Niliandika saa na idadi, nikarudi kulala nikiwa na furaha ya ajabu. Mchana kichwa changu ni soko. Usiku ule kilikuwa chumba kimoja chenye taa moja.

Jumanne, 25 Juni

Mpwa wa Bi Una amefika kutoka mjini na mbwa wanne wenye makovu. Anaitwa Brodie. Anawinda nguruwe kwa mbwa: wanawang'ata masikio na kuwashikilia mpaka yeye afike na kisu. Sheria inamruhusu, mradi ana kibali.

"Profesa," aliniambia wakati wa chai, "hao nguruwe mnawaua au mnawaandikia tasnifu?"

"Mbwa wako wakiingia pale, watawatawanya mashamba matano."

"Angalau watakuwa mashamba ya wengine." Akacheka, akamgeukia Bi Una. "Shangazi, nipe usiku mmoja tu."

"Kondoo wakianza kuzaa na hawa hawajamaliza kazi," alisema Bi Una, "utaingia wewe."

Nilimchukia Brodie kwa urahisi mkubwa, kama mtu anavyoketi kwenye kiti alichozoea.

Jumatano, 26 Juni

Sita. Jalidi imegandisha ndoo ya maji.

Alhamisi, 27 Juni

Sita.

Jumamosi, 29 Juni

Niliona jike mmoja kati ya wale wakubwa wawili anasita kwenye uwazi wa waya, nikadhani unambana. Nikaunyanyua kidogo bila kumwuliza mtu.

Jumapili, 30 Juni

Badala ya nguruwe aliingia kondoo dume wa Bi Una, yule wanayemwita Askofu. Amekula shayiri iliyochacha mpaka tumbo likawa ngoma. Asubuhi tulimkuta amesimama kando ya bwawa, miguu imetanuka, anatazama maji kama anayasomea hotuba. Arch alicheka. Bi Una hakucheka: nafaka nyingi hivyo humwua kondoo, na dume huyu ndiye baba wa zizi zima.

Mchana wote tulimnywesha maji ya magadi. Mimi nilishika chupa, Brodie alishika kichwa. Alimkumbatia Askofu shingoni, akamwambia sikioni maneno ambayo nisingemdhania kuyajua.

"Nani kanyanyua waya?" aliuliza Bi Una.

"Mimi," nilisema.

Brodie akadakia: "Shangazi, mimi nilifunga geti vibaya. Bila geti hilo asingefika pale." Ilikuwa kweli au si kweli, sijui. Jioni Askofu alicheua, ishara kwamba tumbo limerudi kazini. Sijawahi kushangilia kitu kama kile cheuo.

Jumanne, 2 Julai

Yupo wa saba.

Alikuja peke yake, baada ya wengine kushiba. Alikula kwa haraka bila kuinua kichwa, akaondoka mbio. Alipogeuka ubavu niliona tumbo lake linawaka chini, mstari mzima, mweupe kuliko uso wake. Nilimwonyesha Arch.

"Kiwele," alisema. "Kimejaa maziwa. Ana watoto mahali."

"Wapi?"

"Hapo ndipo unapoanza kuustahili mshahara wako, binti."

Ijumaa, 5 Julai

Alfajiri tatu nimetembea kwenye kinamasi kilicho kando ya mto. Saa ile ardhi imekwisha kupoa na chochote kilicho hai hujitokeza. Nimekuta kangaruu wamejikunyata, sungura, vichuguu vilivyohifadhi jua la jana vikanidanganya mara mbili. Kiota, lile tandiko la majani ambamo jike huzalia, hakuna. Vichaka ni vizito kama nywele zisizochanwa. Narudi nimelowa hadi kiunoni, na bado nahisi raha. Nadhani nimeumbwa kwa kutafuta kuliko kupata.

Jumamosi, 6 Julai

Sita.

Jumatatu, 8 Julai

Ukungu. Darubini haioni mbali kuliko macho ya kuku. Tulicheza karata. Arch aliniambia aliwahi kumwua jike bila kuuliza swali la tatu, zamani, enzi za kuwinda kwa taa kali, na kwamba baada ya siku mbili mbwa wake alimletea vitoto mdomoni, kimoja kimoja, vimekauka. Alilisema hilo huku akigawa karata, hakuinua macho. Nilikuwa nimemwona kama mtu mgumu. Kumbe ni mtu anayejichunga.

Alhamisi, 11 Julai

Mvua. Mvua. Bi Una amewaingiza majike dhaifu chini ya sakafu iliyoinuka ya banda la kunyolea, wakauke.

Jumamosi, 13 Julai

Wanakondoo wa kwanza wamezaliwa, kabla ya siku yao. Pacha. Bi Una aliniita kwa kidole, tukasimama kwenye ua tukiwatazama wanavyotikisa mikia wakinyonya. Uso wake ulikuwa wa msichana.

Jumapili, 14 Julai

Pacha hawapo. Pana kipande cha ngozi na nyayo za kwato matopeni. Mama yao anazunguka akiita.

Bi Una aliniletea kile kipande cha ngozi mezani. Hakukiweka kwa hasira. Alikiweka kama mtu anayeweka kijiko.

"Mnasubiri nini?"

Arch alimweleza tena: mvua imewavuruga, wanakuja kwa mafungu, tukipiga nusu nusu waliobaki hawatarudi kwenye chambo milele.

"Kesho nitakaa nanyi garini," alisema. "Niwaone mnavyosubiri. Keshokutwa ni zamu ya Brodie."

Jumanne, 16 Julai

Naandika mchana, mikono bado inanuka mavi ya kondoo. Nitaandika yote kwa mpangilio maana nikiruka nitajidanganya.

Jana jioni mvua ilikatika na anga likawa safi, baridi kali. Arch alipiga simu zake. Tulikaa pikapu ikiwa juu ya kilima, upepo usoni, Bi Una kiti cha nyuma na blanketi na birika la chai. Vioo vyote tulivishusha. Hakulalamika.

Walikuja sita. Nikasema sita. Bi Una akapumua kwa nguvu nyuma ya shingo yangu. Kisha, kutoka upande ambao sikuutazamia, upande wetu, alitokea wa saba, akaingia katikati yao na kuanza kula. Bega kwa bega. Mara ya kwanza mwezi mzima.

"Saba," nilinong'ona. "Wote."

Arch alilaza shavu kwenye bunduki. "Ni nani?"

"Nguruwe."

"Nyuma?"

"Tuta la bwawa. Udongo mtupu."

"Ana nani?"

Kiwele kilikuwa kinawaka vilevile.

"Tamsin. Ana nani?"

"Sita hawana. Wa saba bado ananyonyesha, na sijakiona kiota."

"Piga wote, Arch," alisema Bi Una.

"Watoto wake watakufa kwa njaa, Bi Una. Siku mbili, tatu, wanalia," nilisema.

"Na wangu je? Wangu wanaliwa macho wazi." Sauti haikupanda. "Umekaa nyumbani kwangu mwezi mzima, unakula chakula changu, na leo unamwonea huruma huyo?"

Ukweli ni kwamba nilimwonea huruma, na nilimwonea huruma Bi Una pia, na nilijua huruma ya aina mbili haitoshi kwenye gari moja. Arch hakusema piga wala acha. "Neno ni la mwenye darubini," alisema. "Ndivyo tunavyofanya kazi."

Ndipo wazo likanijia, wala sikulipenda. "Piga sita. Mwache huyo. Atakimbilia kwa watoto wake, nami nitamfuata kwa jicho."

"Na asipoenda kwao?" aliuliza Arch. "Utakuwa umemsomesha nguruwe mwerevu kuliko wote wa wilaya hii. Hutamwona tena."

"Ukimpoteza, binti," alisema Bi Una, "asubuhi namwita Brodie na mbwa wake. Na baada ya Brodie namwita mwenye lori aje achukue kondoo."

Nilimfikiria yule jike akikimbia usiku kucha na kujificha, wanakondoo wakidondoka mmoja baada ya mwingine, na nyumba hii ikifungwa kwa sababu ya neno langu. Nikasema: "Piga sita."

Arch anapiga kama mtu anayepiga muhuri. Wakubwa kwanza, kisha wadogo, hakuna aliyefika kwenye vichaka. Hakuna aliyelia. Sikutazama walivyoanguka. Nilikuwa nimemganda wa saba.

Alikimbia. Alikwenda moja kwa moja kinamasini na moyo wangu ukatulia, kisha akakipita kinamasi. Alizunguka bwawa. Akapanda. "Anakuja huku," nilisema. Akapita chini ya kilima chetu, nuru inayoruka, akavuka barabara, akapenya kwenye uzio wa bustani.

"Anakwenda nyumbani," nilisema.

"Nyumbani kwa nani?" aliuliza Bi Una.

"Kwako."

Akatoweka kwenye banda la kunyolea, chini ya sakafu ya mbao zenye mianya, mahali ambapo mavi ya kondoo yamelundikana tangu enzi za babu yake Bi Una na hutoa mvuke hata wakati wa jalidi. Sikuwahi kuligeuzia darubini kwa makini. Kondoo hulala pale siku za mvua, kwa hiyo joto lake halikunishtua. Nimetafuta mwizi kinamasini huku amelala chini ya kitanda chetu.

Bi Una akasema: "Wiki kadhaa nasikia mikwaruzo pale. Nikasema ni wombati tu, mchimba mashimo." Akaanza kucheka, cheko la kukohoa, mpaka chai ikamwagika kwenye blanketi.

Tuliziba matundu yote kwa mageti ya zizi. Kupiga risasi usiku karibu na nyumba ni marufuku kwa Arch, hata kama sheria ingefumba macho. Tukangoja kuche. Bi Una alimpigia simu Brodie, aliyekuwa amerudi mjini. "Njoo," alimwambia, "na mbwa wabaki mjini."

Alikuja jua likichomoza. Ndiye aliyejua kufungua sakafu ile. Utoto wake wote alikuwa akifagia sufu juu yake. Aling'oa fremu moja ya mbao, nikaangaza tochi. Jike alikuwa amelala ubavu, ametuona, hakuinuka. Kiwele chake kilikuwa kimefunikwa na vitoto vyenye milia, vimelala kama ndizi kwenye chane. Vilikuwa vinanyonya.

"Shangazi," alisema Brodie kwa sauti ndogo. "Hivi hata kimoja hatuwezi..."

"Hapana," alisema Arch kwa upole. "Sheria hairuhusu kuwafuga wala kuwahamisha. Na miezi sita tu, kimoja hicho kitakuwa yeye."

"Najua. Nauliza tu."

Arch alishika bunduki ndogo, mdomo wake chini kabisa, nyuma yake mavi na ardhi. Aliniuliza maswali yake matatu. Safari hii nilijibu la tatu bila kuchelewa: "Wote wapo hapa." Jike kwanza, kisha watoto, upesi kuliko ninavyoandika. Mimi nilishika tochi mpaka mwisho, haikutikisika. Brodie, yule niliyemwita mchinjaji moyoni, ndiye aliyegeuza uso akatazama ukutani. Bega lake lilikuwa linacheza. Nilitamani kuliwekea mkono nikaona haya. Bi Una akaliwekea.

Jumatano, 17 Julai

Nimelala mchana na usiku.

Ijumaa, 19 Julai

Brodie amekuja kuirudisha fremu ya sakafu mahali pake. Nilimtengenezea chai.

"Profesa, ukimtazama mtu kwa kile kidude, hata nywele zinawaka?"

"Hapana. Sufu na nywele huficha joto. Macho ndiyo yanawaka, na mdomo."

"Basi mimi nawaka sana."

"Mdomo, ndiyo."

Alicheka mpaka akapaliwa. Amenionyesha mbwa wake mmoja aliyemshona mwenyewe kifua kizima, nyuzi zimenyooka kama za fundi cherehani. Bado sikubali uwindaji wake, na nimemwambia. Alisema hata yeye kuna siku haukubali.

Jumatatu, 22 Julai

Wanazaa. Ishirini kwa usiku. Hakuna nyayo.

Jumamosi, 27 Julai

Arch ameondoka kwenda shamba jingine. Nitamfuata kazi hapa ikiisha. Aliniachia sanduku la darubini na kusema niliweke mbali na jua. Hiyo ndiyo hotuba yake ya kuniaga.

Jumapili, 4 Agosti

Wanaovizia wanakondoo sasa ni kunguru wawili na mbweha mmoja. Mbweha nilimpiga mwenyewe, kwa bunduki ya Bi Una na kibali changu, baada ya kujiuliza maswali yote matatu kwa sauti ingawa hapakuwa na wa kunisikia. Risasi moja. Kisha nilikaa chini kwenye nyasi za jalidi mpaka mwili ule ukafifia kwenye darubini na kuwa na rangi ya ardhi. Nilitaka kumsindikiza. Nikarudi nikala mayai matatu.

Jumanne, 13 Agosti

Mwenye lori alipita kuuliza kama bado anahitajika. Bi Una alimpa keki. "Njoo mwezi wa tatu," alimwambia, "uniletee dume wa pili. Askofu amezeeka, na ni mlevi."

Alhamisi, 22 Agosti

Usiku wa mwisho. Nilitoka bila kupiga simu kwa mtu, maana sikubeba bunduki. Bi Una alinifuata kwa koti la marehemu mumewe na viatu vya mvua, akasimama kando yangu getini.

"Nipe nitazame na mimi."

Hakuwahi kuomba. Nilimwekea darubini jichoni, nikamshika kiwiko asiyumbe. Malisho yote yalikuwa mbele yake, kutoka mtoni hadi kilimani, nuru tupu.

"Ningekuwa nacho hiki nikiwa na umri wako," alisema, "nisingeolewa."

Kisha: "Wako wangapi?"

Nilichukua darubini, nikaanza upande wa mtoni kama nilivyofundishwa. Nikafika kumi na kitu nikapotea. Nikaanza tena. Baridi ilikuwa kali na kila mama amelala amejikunja, mwanawe amejibana ubavuni mwake, mahali pengine wawili, na joto lao limechanganyika likawa umbo moja. Hapakuwa na mstari wa kuonyesha anaishia nani na anaanzia nani.

"Sijui," nilisema. "Siwezi kuwahesabu, Bi Una. Wamelaliana."

Alinipokonya darubini mkononi, akatazama tena.